Mwaka Nilipolima Mitiki Kama Mpunga

Leokadia hajawahi kupenda kuandika ujumbe wa simu. Yeye hutuma sauti, na sauti yake huanza na kikohozi, kisha kuku, kisha ugomvi mdogo kuhusu chumvi imewekwa wapi, ndipo salamu ifuate. Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Mpanda, nimeinama kuchagua nyanya, simu ikaita. Kikohozi, kuku, chumvi. Halafu: "Anjela, mdogo wangu, ile mitiki yetu inakatwa Jumamosi. Ushirika umeita wote tuliokuwa kitaluni. Baba Nestori anakuja kutoka Mishamo na magoti yake mabovu hivyohivyo. Sasa wewe uliye hapo Mpanda tu, usiniletee habari za basi." Niliisikiliza mara tatu nimesimama katikati ya njia, watu wananipita na magunia yao, nikarudi nyumbani na kikapu kitupu. Mume wangu alichungulia kikapu, akanitazama usoni, akauliza leo tunakula nini. Nikamwambia tunakula mitiki. Amenizoea, alikwenda kutafuta nyanya mwenyewe.

Ya ukoo wangu na utoto wangu nitayaacha, maana hayana tofauti kubwa na ya jirani yeyote wa Mpimbwe: tulilima mpunga, tulikwenda misa, tulifukuza ndege shambani. Ninachotaka kukumbuka ni mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini, nilipopata kazi katika kitalu cha miti cha ushirika mmoja wa wakulima wa tumbaku na wafuga nyuki kule Inyonga. Nilishuka kwenye basi na godoro, ndoo, na gunia dogo la mchele wa kwetu, nikiamini kabisa kwamba huko hawajui kula. Chumba nilichopewa kilikuwa stoo. Upande mmoja yalipangwa madebe ya asali, upande mwingine marobota ya viriba, ile mifuko ya nailoni ya kuoteshea miche, na katikati ilibaki nafasi ya kutosha godoro langu na mtu mmoja asiyegeukageuka. Nta ilinukia hadi kwenye nguo zangu za kanisani. Asubuhi nyuki waliingia dirishani kudai mali yao, wakazunguka, wakakuta vifuniko vimekazwa, wakatoka. Nilijifunza kulala kimya mpaka wamalize ukaguzi. Jiko nalo liligawana ukuta na ofisi, na ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao zilizopigiliwa zikiwa mbichi. Zilipokauka ziliachana, kwa hiyo jambo lolote lililosemwa ofisini lilifika jikoni kabla ya kufika mahali pengine. Leokadia, mpishi wetu, Mkonongo wa hapohapo, alijua habari za ushirika kuliko katibu.

Mkuu wa kitalu alikuwa Baba Nestori. Alikulia Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi, wazazi wake wakiwa wamekimbia kutoka Burundi, na siku zile watu wa makazi yale walikuwa bado hawajapata uraia. Mtu akitaka kukaa nje ya makazi lazima awe na kibali. Chake kiliandikwa kwa sababu ya kazi ya kitalu. Kazi ikiisha, kibali kinaisha. Alikiweka ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya kopo, kopo juu ya kenchi ya chumba chake, na kila Jumapili baada ya kanisa alikishusha, akakisoma chote, akakirudisha. Usidhani alikuwa mtu wa huzuni. Alikuwa mtu wa kelele. Baiskeli yake ilikaa magurudumu juu nusu ya wiki ikitengenezwa, na wakati anaitengeneza aliigombeza kama mtoto mtukutu. Miche yake aliijua kwa idadi: matuta manane, viriba mia tano kila tuta. Kuku akichakura kimoja asubuhi, jioni Baba Nestori anauliza kiko wapi. Nimekutana na watu wengi wenye kumbukumbu nzuri tangu wakati ule, lakini hakuna aliyemfikia.

Kazi yangu ilikuwa maji. Niliteka kijitoni kwa ndoo, nikajaza keni, lile kopo lenye mdomo wa matundu, nikamwagilia matuta yote manane asubuhi na jioni, na kiangazi kilipokaza mabega yangu yalilalamika hata ndani ya ndoto. Kisha Baba Nestori akafiwa na ndugu yake, akalazimika kwenda Mishamo wiki tatu. Alinikabidhi keni kwa mikono miwili. "Mpimbwe," aliniambia, maana jina langu hakulitumia hata siku moja, "miche isikose maji. Umenisikia? Isikose." Nilimsikia, tena nilimsikia kupita kiasi. Siku ya tatu, nikiwa na ndoo kichwani, niliyatazama matuta mawili ya mwisho, yale yaliyo karibu na kijito, nikaona kitu ambacho mtu wa Inyonga asingekiona. Niliona majaruba ya mpunga. Yalikuwa yamechimbwa kuingia chini kidogo, jinsi wanavyofanya kiangazi ili maji yasipotee. Yalikosa kingo tu. Kwetu mtoto wa miaka kumi anajua kujenga kingo za jaruba, kuchepusha mfereji, kuuziba na kuuzibua kwa fungu la nyasi. Nikachukua jembe. Kufika saa nne maji yalikuwa yanaingia taratibu, yakapanda mpaka nusu ya viriba, yakatulia yakimeremeta, na majani mapana ya mitiki yamesimama juu yake. Nilikaa juu ya ndoo niliyoigeuza, nikaimba. Sijawahi kujivuna vile, hata siku ya harusi yangu. Leokadia, ambaye hakuwa na sababu ya kushuka kitaluni, aliniona nimerudi mapema akauliza, "Leo humwagilii?" Nikamjibu kwamba nimemaliza, wengine tumezaliwa na akili.

Siku kumi maji yalikaa pale. Halafu nikafanya lile ambalo kila mkulima wa mpunga hulifanya: nikazibua kingo, nikayatoa, ili shamba likauke kabla mwenyewe hajarudi. Siku nne za kwanza miche ilikuwa salama machoni. Ya tano majani yakalegea mchana, na jioni hayakunyanyuka. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Yakageuka njano. Nilichana kiriba kimoja nikakuta mizizi myeusi, gome lake linachubuka kwa kidole kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na juu yake utando mweupe, mwembamba, unaonukia uyoga. Nikachana cha pili, cha tatu, yaleyale. Nilisawazisha kingo zote, nikaufukia mfereji, nikatawanya majani makavu juu yake, kazi safi ya mtu mwenye hatia. Baba Nestori aliporudi alisimama mbele ya tuta la saba na la nane, kofia mkononi, kana kwamba msiba umemfuata. "Ulimwagilia vipi?" akaniuliza. "Kama ulivyosema, Baba. Asubuhi na jioni." Mpaka leo nashangaa uongo ule ulivyotoka kwa urahisi, bila hata kukohoa.

Wiki ile akaja Bwana Miti kutoka Mpanda, kijana wa pikipiki na soksi nyeupe, mwenye kioo cha kukuzia alichokining'iniza shingoni. Alichimba, akachungulia, akakuta ndani ya udongo vipande vya mizizi ya zamani vyenye utando uleule. Kisha wakaingia ofisini, na sisi jikoni tukanyamaza, mimi napepeta mchele, Leokadia anasonga ugali polepole ili mwiko usigonge sufuria. "Hii ni kuvu ya mizizi," alisema Bwana Miti. "Imekuja na udongo." Mwenyekiti wa ushirika, mzee wa tumbaku mwenye sauti ya kuamuru, akauliza udongo umeletwa na nani. "Mimi," alisema Baba Nestori. "Nimechimba porini hapo ng'ambo ya kijito, kama kila mwaka." "Au umetoka nao huko kwenu Mishamo?" "Mwenyekiti, udongo wa matuta manane nitaubeba kwa baiskeli ile?" Leokadia alicheka, akaziba mdomo kwa khanga. Ofisini hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akasema Nestori akae pembeni, asiguse mche wowote mpaka mkutano wa wanachama mwisho wa mwezi ujao, na wanachama wakiona kazi imemshinda, itaandikwa barua na kibali kitarudishwa. Ungo ukaniponyoka. Tuliokota mchele ule mpaka jua likashuka.

Chakula cha jioni kilikuwa uyoga, ule ambao Leokadia aliukausha wakati wa masika, umepikwa kwa karanga mpaka mchuzi umekuwa mzito. Hata mimi mla wali niliuheshimu. Jioni ile sikuugusa, na Leokadia ni mtu anayeichukulia sahani iliyoachwa kama tusi, akaniuliza nani amekufa. Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye majaruba aliweka sufuria chini, akacheka mpaka akakaa juu ya kuni. "Mpunga wa mbao! Jamani, huyu mtoto amelima mpunga wa mbao!" Kisha kicheko kikakatika. "Na Baba Nestori hajui?" "Hajui, dada." "Utamwambia lini?" Nikaanza kujitetea: labda si maji, Bwana Miti mwenyewe amesema ni udongo, na kweli kuvu ilikuwa udongoni. Leokadia akachota uyoga, akausogeza mbele ya pua yangu. "Na huu ulikuwa udongoni mwaka mzima. Mbona nauokota masika tu? Tena si siku ya mvua yenyewe. Ikinyesha mfululizo, nazunguka porini narudi na kikapu kitupu. Inyeshe, ipumzike, jua lichomoze kidogo, hapo ndiyo unatoka. Hicho kinachokula miti na hiki tunachokula sisi ni ndugu. Wewe umekinyeshea siku kumi, halafu ukakianikia jua." Nilikula, maana alinisimamia mpaka sahani ikawa tupu.

Nilipaswa kwenda kwa Baba Nestori. Nilikwenda kwa Bwana Miti, kwa sababu yeye sikumwogopa sana. Nilitegemea atanifokea, badala yake macho yalimng'aa, akaniambia mambo haya aliyasoma chuoni lakini hajawahi kuyaona kwa macho. Tulitafuta makopo manne ya mafuta ya kula. Kila kopo likapata udongo uleule wa porini, kipande kimoja cha mzizi mgonjwa, na mche mmoja mzima. Kopo la kwanza tulilinyima maji karibu kabisa. La pili lilitobolewa chini na kupewa maji kwa kiasi. La tatu lilijazwa maji yasitoke muda wote. La nne lilijazwa siku kumi kama majaruba yangu, kisha likatobolewa maji yakachuruzika. Yalipangwa dirishani kwangu, nyuki wakayaongeza kwenye orodha yao ya ukaguzi, na Bwana Miti akawa anakuja kila wiki na soksi zake.

Mwezi ule ulikuwa mrefu. Baba Nestori, aliyekatazwa kugusa miche, alitengeneza baiskeli za Inyonga nzima, na alirudi kula nasi kila jioni. Tulikula sinia moja. Alileta maharage ya Mishamo, akamfundisha Leokadia kuyapika na ndizi, wakagombana kuhusu chumvi, na mimi katikati yao nilikonda. Alidhani ni kazi. Jioni moja tulikula nyama, jambo la nadra, na akasukuma fungu lake upande wangu. "Kula, Mpimbwe. Kazi yote sasa ipo kwako." Nilifungua mdomo nimwambie. Ikatoka asante. Leokadia alinitazama tu, na siku ile hakunicheka.

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala la tumbaku, wanachama wamekaa juu ya magogo na madebe. Kabla hatujaingia Bwana Miti alinivuta kando. "Anjela, mimi nitasema maji yalizidi. Nani aliyazidisha, si lazima." Nilishukuru. Akapanga makopo mezani, akang'oa miche mmoja baada ya mwingine. Mche wa kopo kavu ulikuwa umesinyaa, lakini utando haukusogea hata kidogo, ulikuwa umelala. Wa kopo la kiasi ulikuwa na utando mdogo, na mizizi mipya myeupe ilikuwa inashindana nao. Wa kopo lililojaa maji ulikuwa umeoza unanuka tope, ila kuvu haikuonekana. Wa kopo la nne, utando umeuvika mzizi wote. "Kuvu nayo inapumua," alieleza. "Pakavu inalala, kwenye maji inazama. Mzizi nao unazama vilevile. Sasa maji yakitolewa, hewa ikirudi, mzizi umeshachoka na kuvu imeamka. Udongo wa porini tunautumia miaka yote. Kilichoua ni kujaza maji na kuyatoa." Watu walinong'ona, wakapokezana miche. Mwenyekiti akasimama. "Kwa hiyo kuna mtu alijaza maji. Na mwenye kitalu ni nani?" Vichwa vyote vikageuka kwa Baba Nestori. Yeye alikuwa anautazama mche wa nne, kisha akanitazama mimi, polepole, na nikaona hesabu inakamilika machoni mwake.

Nilisimama. Sikumbuki miguu yangu ikinyanyuka, nakumbuka tu ghala lilivyonukia tumbaku na kwamba nilikuwa nimevaa kandambili za rangi mbili tofauti. Nikasema, "Ni mimi. Baba Nestori alikuwa msibani. Nilijenga majaruba. Nilijaza maji siku kumi, nikayatoa, nikaficha kingo, nikamdanganya, na mwezi mzima nimekula naye sinia moja." Huko nyuma sauti moja ya mkulima ikauliza kwa mshangao wa kweli, "Majaruba? Ya miti?" Ghala likapasuka kwa kicheko. Mwenyekiti aligonga meza mpaka makopo yakaruka, na mwishowe akacheka na yeye. Barua haikuandikwa. Kuhusu mimi, alisema mwenye kitalu aamue, na Baba Nestori, ambaye peke yake hakuwa amecheka, akasema, "Abaki. Akiondoka, nani atateka maji?" Akavaa kofia yake akatoka. Siku tisa hakuniambia chochote zaidi ya neno moja, keni, asubuhi na jioni. Niliziona ni chache. Siku ya kumi aligeuza baiskeli yake miguu juu, akaigombeza kidogo, kisha bila kunitazama akaniita nishike gurudumu.

Matuta mawili yaliteketea, sita tuliyaokoa. Viriba vyake tuliviinua juu ya magogo ili maji yachuruzike, tukatoboa kila kiriba upya, na nikajifunza kuchomeka kidole udongoni kabla ya kugusa keni: kikitoka na udongo umenata, subiri, kikitoka kikavu, mwagilia. Mvua zilipoanza tulipanda ile mitiki kwenye mwinuko, mbali na bonde, Baba Nestori akihesabu kwa sauti na Leokadia akituletea uji wenye asali shambani. Mwaka ulipoisha nilirudi Mpimbwe, nikaolewa, nikahamia Mpanda. Maisha yakaenda. Lakini kwa miaka yote hiyo zaidi ya ishirini nilikuwa na hofu ndogo isiyotoka: kwamba huko Mishamo, kila jioni ya mazungumzo, mimi ni yule msichana aliyemdanganya mtu na kula nyama yake.

Jumamosi nilifika Inyonga mapema. Mitiki ilikuwa imelala chini kwa safu, na mashina yake mapya yalinukia vizuri. Leokadia alikuwa ameongezeka pande zote, akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Baba Nestori alikuja kwa bodaboda amekalia mto, mjukuu wake wa kike nyuma yake akimshikilia. Sasa ni raia, amepiga kura, na hilo alilisema kabla ya salamu. Aliniita Mpimbwe. Kisha akazunguka mashina na fimbo yake na kumwambia msimamizi kwamba safu ya tatu imepungua mti mmoja. Walihesabu. Ilikuwa kweli, uliibwa miaka iliyopita.

Tulipokaa kula, wali wa kwetu niliobeba mwenyewe na uyoga wa Leokadia, yule mjukuu alisogea karibu yangu. "Bibi," alisema, neno ambalo bado sijalizoea, "wewe ndiye uliyesimama ghalani? Babu anatusimulia kila mara. Walitaka kumrudisha Mishamo, watu wazima wote wamenyamaza, msichana mmoja wa miaka ishirini akasimama mbele yao akamtetea." Nilingoja mfereji utokee katika hadithi ile. Haukutokea. Wala uongo, wala ule mwezi. "Na majaruba?" nikamuuliza. "Majaruba gani, bibi?" Nikamgeukia Baba Nestori, naye akawa anachambua uyoga wake kwa makini sana. "Mimi nimezeeka," alisema. "Mengine yamenitoka." Saa moja iliyopita mtu huyuhuyu alikuwa amekumbuka mti mmoja katika safu ya tatu.

Nililia, kwa furaha, mbele ya watu, na sikuona aibu. Kisha nilimsimulia yule binti yote, kuanzia jembe mpaka fungu la nyama, na Leokadia akadakia mpunga wa mbao mahali pake, tukacheka mpaka Baba Nestori akapaliwa. Nilichukua jagi haraka nikammiminia maji. Kikombe kilipofika nusu aliweka kiganja chake juu.

"Basi, Mpimbwe," alisema. "Acha na nafasi ya hewa."